Mwanafunzi wa Kwanza wa Kundi B

Jamani, ukurasa huu nimeuandika mara tatu na mara tatu nimeuchana, basi leo naanza na lenye haya kuliko yote ili yanayobaki yawe mepesi: nilisimama mbele ya shule nzima, wazazi wakiwepo, kipaza sauti mkononi, mimi ambaye darasani hata ruhusa ya kwenda chooni naombewa na mtu, nikatoa sentensi moja tu, na watu wakacheka mpaka mama mmoja nusura amwangushe mtoto aliyekuwa mgongoni (alidakwa na jirani, lakini hilo nalo nahesabiwa mimi).

Kosa lenyewe lilikuwa dogo. Mwezi wa tisa direkta wa shule yetu hapa Gitega alitangaza kwamba sisi wa mwaka wa tisa, kwa kuwa tuna mtihani wa taifa, tutapimwa hesabu kisha tugawanywe, wanaojua waende kundi A, wasiojua kundi B, "ili kila mtoto atembee kwa mwendo wake." Wenzangu wakaanza kubishana nani ataenda wapi. Mimi nikamtazama Zuhura.

Zuhura ni binti wa fundi cherehani wa mtaa wa Yoba, na mdomo wake haujui likizo. Mimi ni mtu wa Muyinga, nakaa kwa shangazi, mtaa wa Musinzira. Wazazi wangu ni wakulima waliokulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi ya Kibondo, tulirudi nikiwa mdogo, na Kirundi changu mpaka leo kina lafudhi inayowachekesha watu, Kifaransa ndiyo usiseme, kwa hiyo nilipofika Gitega nilifunga mdomo wangu na Zuhura akanikopesha wake. Yeye ndiye aliyekuwa akinyoosha kidole: "Mwalimu, huyu anataka kutoka." "Mwalimu, huyu haoni ubao." Miaka miwili nimeishi hivyo. Lakini hesabu za Zuhura, Mungu anisamehe, ni za kubahatisha.

Ikaniingia akili (akili gani!) kwamba yeye ataenda B, mimi A, na huko A nitakufa na mkojo wangu. Nikaamua kufeli. Kuandika jibu la uongo nilishindwa, mkono ulikataa kabisa, basi nikaamua kuacha wazi. Ila na nyinyi niambieni, mtu anakaaje saa mbili na maswali mbele yake asiyaguse? Nikayafanya yote kumi kwenye bruyo, ile karatasi ya kujaribia, hatua kwa hatua, safi, na kwenye karatasi ya majibu nikanakili moja tu. Kisha nikakunja mikono nikatazama dirishani kama mtu mwenye hekima.

Aliyekaa pembeni yangu mnamjua. Na bruyo ilikuwa upande wake.

Majina yalipobandikwa, Zuhura alikuwa A. Mimi B.

"Sha, we umefanya nini?" Zuhura alinivuta mkono mpaka nyuma ya darasa. "Mi nimekopia kila kitu kwako ili twende pamoja, na we uko wapi?"

"B."

"B ya nini sasa?"

Dawa ilikuwa kwenda ofisini kusema ukweli, lakini kusema ndiko kunakonishinda, halafu nikitoa langu, la Zuhura nalo linatoka, na baba yake alikuwa ameshamshonea sare mpya kwa furaha, anamwonyesha kila mteja anayeleta suruali: "Huyu yuko A." Nikanyamaza. Kunyamaza huko ndiko kulikozaa mengine yote.

Huko B tulibanana wanne kwa dawati. Mwalimu alikuwa akiingia anasema, "Nyinyi ni B, nitarudia polepole," halafu harudii, anajaza ubao anatoka. Siku moja jirani yangu Goreti, ambaye mwezi wa tisa alipata tatu kwa hamsini (tatu za kweli, si za kuigiza kama zangu), akaninong'oneza, "Hapa imekuwaje?" Nikamweleza kwa kunong'ona vilevile. Kesho yake wakageuka wa dawati la mbele, keshokutwa wa nyuma wakasogea, na kabla sijajua nikawa mwalimu wa kunong'ona (kunong'ona naweza, sauti kubwa ndiyo adui yangu). Na Zuhura kule A akawa bubu. Zuhura! Alisema wanakimbia kama wamefukuzwa na nyuki, na akiuliza swali darasa zima linageuka kumtazama.

Muhula ukaisha, ikafika siku ya proklamasio. Kwetu matokeo hayatolewi kimyakimya, wazazi wanakuja, tunapanga mistari uani, na majina yanasomwa kuanzia wa kwanza mpaka wa mwisho, pole yako kama wa mwisho ni wewe. Baba alitoka Muyinga alfajiri na jogoo kwapani, zawadi ya direkta. Kwenye simu nilikuwa nimemwambia "nasoma vizuri", na ilikuwa kweli. Kundi sikulitaja. Hakuniuliza.

Wakasoma A, Zuhura akawa wa mwisho. Wakasoma B, nikawa wa kwanza, asilimia tisini na nne. Nilidhani napokea buletini yangu ya alama natoroka, kumbe direkta ameshanishika bega.

"Wazazi! Nyinyi mliolalamika juu ya makundi, mwangalieni huyu! Mwezi wa tisa alipata tano kwa hamsini. Tano! Kundi B limemtoa gizani!"

Na alikuwa amejiandaa, kwani alitoa karatasi yangu ya mwezi wa tisa akaiinua juu ili watu waione ilivyo tupu. Kwetu bruyo hukusanywa pamoja na majibu, na yangu ilikuwa imebanwa nyuma yake kwa pini moja, tena iliyochoka. Ikachomoka, ikapepea, ikapita wazazi wote wa Gitega, ikatua kwenye viatu vya baba yangu.

Baba aliacha shule kambini lakini hesabu anazijua. Akaiokota, akavaa miwani, akaisoma yote, swali la kwanza mpaka la kumi, na sisi wote tunamsubiri.

"Samahani, mheshimiwa direkta," akasema. "Huu ni mwandiko wa binti yangu. Zote ziko hapa. Hakuwa gizani."

"Mzee, hiyo ni bruyo, huwa hatuisahihishi."

"Sawa." Akanigeukia. "Mama," (ananiita mama hata nikiwa na makosa) "hapa umejibu, pale umeacha. Kwa nini?"

Nikawekewa kipaza sauti mkononi. Nikasema, kwa Kirundi changu kilichopitia Kibondo:

"Nilitaka kukaa na Zuhura."

Hapo ndipo mama yule na mtoto wake.

Kicheko hakijaisha, fundi akasimama. "Zuhura yupi? Wangu? Wangu si aliingia A? We Zuhura, uliingiaje?"

Nikamtikisia kichwa Zuhura: sema ulisoma, sema chochote! Ilikuwa mara ya kwanza maishani kutamani anyamaze.

"Nimekopia kwake, baba. Na mi nimechoka, kule hesabu iko nguvu. Nirudishe."

Fundi akaketi taratibu kama kitambaa kilichoteleza mezani. Mama mmoja akapiga kelele makundi yafutwe, baba mwingine akajibu wake yuko A na hatamsubiri mtoto wa mtu, na direkta, jasho likimtoka, akakata shauri hapohapo: "Basi! Huyu A, huyu B, kuanzia Januari!" Watu wakapiga makofi. Makofi ya nini? Tumebadilishana vyumba tu, mimi na Zuhura bado kila mtu na mlango wake!

Na linalonikera kuliko kicheko ni hili: Goreti alipata asilimia sitini na moja. Kama walitaka mtu aliyetoka gizani, alikuwepo, mstari wa tatu, na hakuna aliyeinua karatasi yake. Alinifuata getini, hakunicheka.

"Sasa nani atatueleza?"



Baba alinipa bruyo yangu, ameikunja vizuri. "Itunze," akasema, "maana jogoo wameshamfunga, hatutarudishiwa."

Basi nimeapa: swali nililolifanya kwenye bruyo, sitaliacha wazi kwenye karatasi. Na Januari, kabla sijaingia A, nitapita ofisini peke yangu, bila mdomo wa Zuhura, nimwambie direkta kwamba si B iliyonifundisha, na kwamba naomba wakati wa marudio niruhusiwe kukaa na kina Goreti, na Zuhura akiwemo. Ni sentensi tatu. Nimeshaziandika nyuma ya ile bruyo.

Safari hii nitanakili.