Mzee wa Mke Wangu Porini

Mke wangu Ng'wasi ni askari wa wanyamapori. Mimi nalima pamba Lalago. Mwezi uliopita alikuja likizo ya siku nne, na siku zote nne simu yake haikutulia.

"Mzee amelala wapi?" aliuliza. "Msimkaribie, amenizoea mimi. Nikirudi nitamfuata mwenyewe."

Alisema hayo huku akitabasamu. Tabasamu lile mimi sikuwa nimepewa tangu harusi.

Alipoondoka, palizi ilinishinda. Kichwani nilimwona kabisa huyo mzee: ana gari, ana kitambi, na ng'ombe wake ni wengi kuliko wangu. Siku ya tatu nikavaa koti la kanisani, nikapanda bodaboda hadi kituoni kwao, pembeni mwa pori.

Niliwakuta askari sita na mkuu wao wakinywa chai. Ng'wasi akaruka kutoka kwenye benchi.

"Baba Kulwa! Kuna msiba?"

"Namtaka Mzee," nikasema, wote wasikie. "Nimekuja kumwambia aachane na mke wangu."

Kisha mkuu wao akanipa darubini, akanielekeza kwenye migunga. Nikaona tembo dume mwenye pembe moja, kavishwa kola shingoni, anavunja matawi bila haraka.

"Ndiye anayeingia mashambani kwa watu," mkuu alisema, akijikaza asicheke. "Mkeo ndiye humrudisha porini, shemeji."

Askari wakaangua kicheko. Ng'wasi hakucheka. Alinisukuma mgongoni taratibu.

"Nenda, Baba Kulwa. Kamwambie."