Mrehani wa Sebuleni

Mie ni mtu wa ndani. Wengine wanaita uvivu. Dada yangu anasema nimeota mizizi, na kwa kuwa ndiye aliyenilea, sioni faida ya kubishana naye. Nilimaliza kidato cha nne, nikanunua cherehani, nikaiweka sebuleni karibu na dirisha, na tangu siku hiyo sijapata sababu ya maana ya kuvuka geti. Wateja wanakuja, vitambaa vinakuja, muuza samaki anapita na baiskeli yake. Kila kitu kinafika Tandika chenyewe, sasa mie niende wapi?

Kando ya cherehani ndipo ilipo bustani yangu. Naiita bustani kwa kujisifu tu. Ni makopo ya rangi kumi na mawili yaliyopangwa juu ya benchi, na kila kopo lina mrehani. Nje hapapandiki kitu. Uwani tupo wapangaji sita, na kila mpangaji ana kuku, na kuku akiona jani bichi haulizi la nani. Kwa hiyo mrehani wangu umelelewa sebuleni kama mtoto wa mwisho: jua la asubuhi la dirishani, maji ya mkono, na nyimbo za redio kutwa nzima.

Harusi ya mpwa wangu ilipoiva, dada akafungua grupu la simu na kugawa majukumu. Huyu mchele, yule maturubai, wale watatu ng'ombe. Mimi niliandikwa mwisho kabisa: "Mjomba mtu: mrehani wa vikuba." Halafu akanipigia kabla sijanuna.

"We ulichonacho ni majani, basi lete majani."

"Dada, mjomba mzima nichangie majani?"

"Majani ambayo mwanangu anaweza kuyanusa. Unaijua hali yake."

Naijua. Mpwa wangu ana pumu. Kwenye harusi ya rafiki yake alivishwa kikuba cha mrehani wa kununua, uliopuliziwa dawa ya wadudu, na kabla bibi harusi hajatoka, yeye alikuwa ameshatolewa nje anatafuta pumzi. Na kikuba si pambo la kuangalia kwa mbali. Ni kifungu cha mrehani na asumini kinachokaa kifuani, chini ya pua, shughuli nzima. Baada ya siku ile alisema atavaa cha plastiki. Dada alilia. Kwetu sisi bibi harusi asiyenukia ni kama amekuja kuazimwa. Zilibaki wiki saba, na mrehani pekee ambao haujawahi kuonja dawa ulikuwa kwenye makopo yangu.

Wiki mbili za kwanza nilitamba sana. Ya tatu wakaja wadudu mafuta.

Niligundua majani machanga yamejikunja na yananata vidoleni. Nikageuza jani: vidudu vya kijani, vidogo kuliko ufuta, vimebanana chini yake kama watu kwenye foleni ya maji. Nikaosha kwa maji ya sabuni, jani moja moja, kama naogesha kichanga. Kesho yake walikuwepo vilevile, ila sasa wasafi.

Ikabidi nitoke. Sio mbali, ni bondeni tu, kwa mama mmoja mwenye bustani ya mchicha ambaye huniletea sare za wajukuu wake. Ila jirani aliponiona nimevaa viatu aliuliza kama kuna msiba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Fundi! Leo cherehani imekufukuza?"

Nikamwonyesha jani. Hakuliangalia mara mbili. Akanishika mkono hadi kwenye tuta la kunde, akainua tawi moja. Kulikuwa na wadudu wekundu wenye madoa meusi, mgongo wa duara kama nusu ya pilipili iliyokatwa kwa wembe.

"Hawa ndo askari wangu. Mie kwenye kunde dawa siwekagi, kwa ajili yao."

"Wanakula majani?"

"Wanakula wanaokula majani."

Alinikusanyia kama thelathini kwenye chupa ya maji. Nikaifunga mdomo kwa kipande cha neti nilichobakiza kwenye shela la mteja. Akanipa na masharti. Kwenye makopo nipande vitunguu saumu, harufu yake inawakera wadudu mafuta. Na pembeni niweke kopo moja la kunde lenye wadudu wake kabisa.

"Niwafuge tena?" nikauliza.

"Wale wa kunde mrehani hawautaki. Ila askari wako wakimaliza kula kwenye mrehani, watakula kwenye kunde, hawatahama. Mlinzi asipolishwa anakwenda kulinda kwa jirani."

Basi nikarudi nyumbani nimebeba wadudu kwenye chupa na wadudu kwenye kopo, kuwapeleka kwenye sebule iliyojaa wadudu. Nilichomeka vitunguu vyangu, nikafungua neti, nikavuta kigoda. Nawaambia, televisheni sikuwasha wiki nzima. Askari mmoja anapanda bua taratibu kama mwenye nyumba anayekagua vyumba, anafika juu, anageuka, anakuta kundi, anaanza na wa pembeni. Nilikuwa nawashangilia kwa sauti. Mteja mmoja alikuja kuchukua gauni lake, akalinusa, akanitazama.

"Fundi, siku hizi unashona au unapika?"

Ilikuwa saumu. Nikamwambia ni mtindo mpya.

Halafu ikafika Ijumaa.

Marehemu mama alitufundisha kwamba kanzu ya Ijumaa haivaliwi bila kufukizwa. Unawasha kaa kwenye chetezo, unatia udi, unafunika kwa tenga, juu yake unatandaza kanzu, moshi unapanda polepole. Nimefanya hivyo tangu nina akili, au tangu nilipodhaniwa ninazo. Na mahali pangu pa siku zote pa kuweka tenga ni chini ya benchi la dirishani, pasipo na upepo. Nikaweka. Nikaenda kuoga.

Niliporudi nilisikia tap. Halafu tap, tap. Askari wangu walikuwa wanadondoka sakafuni, miguu juu, kama shanga zilizokatika uzi. Moshi wa udi umejaa sebule nzima, mtamu kweli, na juu ya kanzu yangu peke yake walikuwepo tisa. Nikakitoa chetezo nje mbio, nikafungua dirisha, nikapiga magoti nimejifunga taulo, nikaanza kuwapepea kwa kifuniko cha sufuria.

"Hodi! ... We! Unampepea nani hapo chini?"

Dada. Kila nikiaibika dada yupo mlangoni, sijui nani anamwambiaga.

"Walinzi wa mrehani wa mwanao. Wamezimia."

"Wamezimia, au umewafukizia kuzimu?"

Alicheka mpaka akakaa juu ya nguo za wateja. Nyumbani kwake, huko Boko, udi ulipigwa marufuku tangu bintiye alipoanza kubanwa kifua, na hakuna aliyewahi kufikiria kwamba moshi huo unaweza kumbana mtu mwingine. Kisha akainuka, akageuza jani moja. Wadudu mafuta bado walikuwepo. Kicheko kikaisha.

"Zimebaki wiki tatu," akasema. "Niambie ukweli, nimnunulie hicho cha plastiki?"

"Nipe wiki moja."

"Mwanangu hawezi kuvaa ahadi, mdogo wangu."

"Wiki moja, dada."

Nilisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye mpango. Mpango sikuwa nao. Askari wengi walizinduka, lakini walipozinduka tu walipata akili wakapitia dirishani. Walibaki watano, wamelewa.

Siku ya nne nikaona balaa jingine. Chini ya majani kulikuwa na vidudu virefu, vyeusi, vina madoa ya rangi ya chungwa na mgongo wa magamba, mfano wa mamba wa kuchongwa na mtoto. Nikamsaga mmoja kwa kidole gumba bila hata bismillahi. Nikanyoosha kidole kwa wa pili, nikaona mdomoni ana kitu cha kijani kinachopigapiga miguu. Alikuwa anamla mdudu mafuta. Kidole kikabaki hewani.

Nikavaa viatu tena. Mara ya pili ndani ya mwezi mmoja! Jirani safari hii hakuuliza, alisema tu pole.

Yule mama wa mchicha alimtazama mamba wangu kwenye kipande cha gazeti, akacheka hadi jembe likamtoka.

"Si ndo watoto wao! Walitaga kabla hujawapiga moshi. Hawa wanakula kuliko wazazi. Umeua wangapi?"

"Mmoja."

"Kamwombe radhi mama yake."

Nilimwomba, kwa kweli. Na Ijumaa mbili zilizofuata nilikwenda msikitini bila udi, nanukia saumu. Safu yangu ilikuwa na nafasi ya kutosha. Lakini wale watoto walifanya kazi ambayo mie na sabuni yangu tulishindwa: wiki ilipotimia majani ya juu yalikuwa yamekunjuka, mapana, safi chini na juu. Nikampigia dada picha, nikamtumia. Akajibu kwa neno moja: "Loo."

Siku ya shughuli nilikata mrehani alfajiri, nikakung'uta kila tawi ili walinzi wabaki kazini, nikapeleka Boko tenga zima lililofunikwa kitambaa kibichi. Kina mama walikuwa wamekaa mikekani wakifunga vikuba na asumini ya uwani kwa dada, nayo haijui dawa. Mie nikasimama mlangoni, maana chumba kile si cha wanaume.

Mpwa wangu akapewa kikuba cha kwanza. Akakiweka puani. Chumba kizima kikaacha kufunga. Akavuta pumzi. Dada alikuwa ameshika pampu ya dawa ya pumu mkononi kama mtu aliyeshika kisu. Akavuta tena, ndefu, hadi mabega yakapanda.

"Mjomba," akasema, "kinanukia kama kwako."

"Kwangu kunanuka saumu."

"Na saumu kidogo."

Wakaangua kicheko, dada akarudisha pampu kwenye mkoba. Hapo ndipo kwenye majani akachomoza mmoja, mwekundu, madoa meusi, akatembea taratibu kutoka kwenye kikuba hadi begani kwa bibi harusi. Shoga mmoja wa dada akakunja pindo la kanga amsage. Dada akamdaka mkono.

"Mwache! Huyo mgeni wa upande wa mjomba."

Nilikaa harusini mpaka maturubai yakafunguliwa na kukunjwa.