Daftari la Meno

Mwalimu wa chekechea niliyemsaidia mimi alikuwa na miaka kumi na minane kazini, na katika miaka yote hiyo hakujifunza kitu ila kuwapaka wazazi mafuta kwa mgongo wa chupa. Getini alikuwa asali tupu. Darasani alikuwa na daftari la matukio lisilomtoka kwapani: tarehe, aliyeumiza, aliyeumizwa, sehemu ya mwili. Mtoto akiandikwa mara tatu, anarudishwa kwao moja kwa moja.

Mmoja tulimwita Meno. Alikuwa ameshaandikwa mara mbili. Mama yake, mfagiaji wa hospitali, hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia.

"Anti, nichungie huyu," aliniambia. "Wakimfukuza, na mimi kazi sina."

Kipenzi cha mwalimu alikuwa Bibi Harusi, kibinti cha miaka mitano chenye utepe kichwani. Huyo hakupiga mtu. Alitoa amri tu. Meno akikaa mkekani, Bibi Harusi ananyanyuka, anaziba pua, na darasa zima linamfuata mkeka wa pili. Meno akienda huko, linarudi wa kwanza. Walimzungusha hivyo mara nne asubuhi moja, na mwalimu yupo palepale anakata maua ya karatasi.

"Mwalimu, wanamtenga mwenzao."

"Kwani wamemgusa?"

"Hawajamgusa, lakini..."

"Basi ni michezo ya watoto. Usinikuzie mambo."

Mara ya tano Meno alichoka kuhama. Alimng'ata Bibi Harusi mkono, barabara. Mwalimu akaandika kwa mwandiko mzuri ajabu. Mama mtu alikuja saa sita na sare yake ya kazi, akamchukua mwanawe, wala hakuniangalia.

Wakati wa chai nilimwambia mwalimu mbele ya wenzake kwamba anakula mshahara wa bure. Alichukua kikombe chake.

"Jamani, twendeni nje, humu kuna joto."

Wakanyanyuka wote, hata yule mwalimu mlafi wa darasa la kati, mdomo umejaa. Niliwafuata, nikakaa nao kwenye benchi. Ghafla wakakumbuka kuwa nje kuna jua, wakarudi ndani.

Nilibaki peke yangu, taya zikiniuma kwa jinsi nilivyoyabana meno. Nilitamani kumng'ata mwalimu, Mungu anisamehe. Nilipoingia darasani, daftari alikuwa amelisahau kitini. Nikaandika tarehe, nikaandika jina lake, kisha langu. Sehemu ya mwili nikashindwa kuijaza.