Mkanda Niliouosha kwa Mafuta ya Taa

Nimelelewa katika twahara, na vumbi hunikera. Barabara ya kutoka kwetu Murusagamba ina vumbi jekundu linaloingia hata kwenye chakula kilichofunikwa. Basi kila kiangazi kilipokwisha nilifungua kifuniko cha mbele cha injini ya pikapu yangu, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikausugua mkanda wa taimingi, ule wa mpira wenye meno unaofanya valvu zifunguke kwa zamu yake. Ulipong'aa nilisema alhamdulillahi, nimeukagua.

Mwaka huu dada yangu alibanwa na kifua. Tulimlaza nyuma kwenye godoro, mwanawe akimshika kichwa, tukatoka asubuhi kuelekea hospitali ya Ngara. Kwenye mlima wa pili injini ilizima ghafla. Nilipiga stata, ilizunguka nyepesi mno, kama haina kazi. Hakuna gari lililopita hadi adhuhuri. Nilimtamkia dada shahada sikioni, akaifuata kwa midomo. Lori la ndizi lilitukuta tumeshamfunika.

Wiki iliyofuata pikapu ilivutwa mpaka gereji moja ya Nyamiaga. Mpwa wangu alinikuta hapo.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu."

Fundi alifungua kifuniko, akautoa mkanda. Meno ya sehemu moja yalikuwa yamenyofoka yote. Akaunusa, akacheka.

"Mzee, huu ni mkanda au utambi wa koroboi? Mpira ukinywa mafuta unaoza. Huu hauoshwi. Unatazamwa nyufa na meno, ukichoka unatupwa."

Alilinganisha alama za puli ya juu na ya chini, akavisha mkanda mpya, akakaza. Kisha akaizungusha injini kwa spana, polepole, mizunguko miwili kamili, akainama kuzitazama alama tena.

"Zimekaa. Na valvu hazikupinda. Injini yako imepona, mzee wangu."

Mpwa wangu alikuwa ameuokota ule mkanda wa zamani. Alikuwa akiukunja, na mpira ukimegekea viganjani mwake.

"Ulinunua kwa yule muuza spea wa Biharamulo, sivyo? Alikuuzia mkanda uliolowa mafuta. Leo hii namfuata, mjomba. Atanieleza mama yangu yuko wapi."

Alishaanza kuondoka. Ningenyamaza tu, angekwenda, nami ningebaki mjomba aliyefiwa kama yeye.

"Rudi," nilimwambia. "Alinipa mzima. Niliuosha mimi, kwa mkono wangu, miaka mitatu."

Fundi aliacha kufuta spana. Mpwa wangu aliniangalia mikono kwa muda mrefu. Akauweka mkanda juu ya boneti, taratibu, akaenda zake kwa miguu.

Ijumaa tunakutana msikitini. Baada ya swala hunipa mkono, kama anavyowapa wote. Shikamoo hajanipa tangu siku ile. Kwa mkono huo namshukuru Mungu. Hilo lingine nalisubiri.