Kibali cha Mwanapili

Masoud bin Mcha alikuwa karani wa mahakama mjini Unguja kwa miaka ishirini na sita. Kesi za bangi aliziandika nyingi hata vifungu vyake akavihifadhi kwa moyo. Alipostaafu, mwaka 1997, mkewe Mwanapili alikuwa keshakonda kwa saratani ya tumbo, na dawa alizochomwa Dar es Salaam zilimtapisha hata maji.

Bi Wanu, muuguzi aliyekuwa akija kumtazama nyumbani kwao, mtaa wa Malindi, ndiye aliyesema. "Nchi nyengine daktari huandika cheti, mgonjwa akapewa bangi, kichefuchefu kikatulia. Hapa kwetu sijui."

Masoud alishinda siku mbili na kitabu cha sheria akitafuta mstari mmoja wa kumwambia mgonjwa kama huyu apite mlango gani. Hakuuona. Akavaa kanzu safi, akaenda kuomba kibali kwa Haroub, ofisa wa mahakama aliyefundishwa kazi na yeye Masoud.

"Shikamoo, mzee," Haroub alimwamkia.

"Marahaba." Masoud akaeleza haja yake.

Haroub alicheka mpaka akafuta machozi, kisha akafunga mlango. "Kibali hakuna. Lakini mzigo upo. Unaikumbuka kesi ya Mkadam?"

Vipi asiikumbuke? Mkadam, mchukuzi wa bandarini, alikuwa bado kifungoni. Masoud aliandika kwa mkono wake kwamba bangi aliyokamatwa nayo imechomwa moto.

"Haikuchomwa," Haroub alisema, akitabasamu. "Nipe changu, uchukue."

Mate yalimjaa Masoud mdomoni, machungu kama shubiri. Aliondoka bila kuaga, na kufika uani kwake akayatema.

Mwanapili alimsikiliza mpaka mwisho, beseni mapajani.

"Ungechukua, Masoud. Anayetapika ni mimi."

Kesho yake Masoud alirudi kwa Haroub. Alilipa, akapewa kifurushi ndani ya gazeti, naye, kwa mazoea ya adabu, akasema ahsante.

Bi Wanu aliichemsha bangi ile kama chai. Siku ya tatu uji ulikaa tumboni, na Mwanapili akaomba kipande cha samaki, changu wa kuchoma. Aliishi miezi miwili zaidi, akila kidogo kidogo.

Haroub alikuja matangani, akanyoosha mkono. Masoud aliutazama, akauacha hapo hapo hewani mbele za watu. Ofisa yule alimkirihisha Masoud, lakini si kama ile ahsante aliyoitoa mwenyewe. Kila akiikumbuka chakula kilimshinda, akaondoka kwenye sinia kwenda kusukutua.