Mvua Aliyoiacha Kamembe

Habari kwamba mumewe Hakimu, aliyekuwa kazini Maskati, amepata ruhusa ya kuwaita mke na mtoto huko ilimkuta Nasiba kwenye cherehani yake, mjini Kamembe, akishona sare za shule. Aliacha shati bila mkono wa pili, akaenda uani kwa mama yake. Mukabera alikuwa akianua nguo haraka, maana wingu lilikuwa limefunga upande wa kisiwa cha Nkombo, ziwani.

"Maman, tunaenda."

"Kule kwa jua?"

"Kule."

Mukabera alikunja shuka, akalipiga pasi kwa kiganja. "Basi nguo zako zitakauka," akasema.

Kweli zilikauka. Mwezi wa kwanza Nasiba alifurahia jua lile kama zawadi. Hakuna matope mlangoni, hakuna beseni la kukinga maji yanayovuja darini. Wenzake wa soko la Kamembe walimpigia simu wakimwambia ametoka kimaisha, naye akaitikia.

Lakini jua lile halikujua kupumzika. Kila asubuhi alifungua pazia akalikuta limekwisha fika, jeupe, limewafungia watu majumbani. Mtoto wao Shimwa, aliyefika akiwa bado anabebwa mgongoni, alijifunza kukimbia kwenye korido. Mwaka ukapita, na wa pili. Nasiba akajikuta anachungulia angani kama mkulima wa Rwimbogo aliyekwisha panda. Wingu jembamba likipita, cherehani yake ilinyamaza.

Alishonea nyumbani, na mteja wake mkubwa alikuwa Bi Zuwena, mama wa Kiomani aliyekulia Unguja. Siku walipojuana Nasiba alimwuliza, "Batoto yako banaendelea muzuri?" Bi Zuwena alicheka mpaka akatafuta kiti.

"Kiswahili gani hicho, mwanangu?"

"Cha kwetu, Bibi. Kwetu Kongo iko ng'ambo ya maji tu."

Tangu hapo Bi Zuwena akawa anakuja hata asipokuwa na kitambaa cha kushonwa. Ndiye aliyemwona Nasiba anavyonyong'onyea.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nina hamu ya mvua."

Safari hii Bi Zuwena hakucheka. "Mwezi wa saba sisi huenda Salala. Mtafuatana nasi."

Salala, kusini kabisa mwa nchi ile, walikuta ukungu na manyunyu. Milima ilikuwa imevaa kijani. Familia nzima nzima zilikuwa zimetandika mikeka majanini, zinakunywa chai na kulowa kwa raha zao. Nasiba alivua viatu. Udongo ulinukia kama wa kwao, kidogo tu, na hicho kidogo ndicho kilichomvunja. Akampigia mama yake kwa video, akaielekeza simu mlimani ili naye aone.

Mukabera alitazama kitambo. "Ile ndiyo mvua? Hapa, na mvua kama ile, muntu anaanika nguo."

Walicheka wote wawili. Kisha Nasiba akasikia mama yake ameacha kucheka, na simu ikakatika.

Waliporudi Maskati alimwambia Hakimu anataka kurudi kwao Kamembe. Hakimu hakukasirika. Alikuwa ameshasaini mkataba mpya wa kazi. "Nenda umuone Maman wakati wa masika," akasema. "Halafu urudi, Nasiba. Peke yangu hapa siwezi."

Mwezi wa nne Nasiba na Shimwa walikuwa Kamembe. Siku ya pili, mchana, mvua ilishuka, ikayapiga mabati mpaka watu wakaacha kusikilizana. Nasiba alisimama barazani, uso ameutoa nje, hajifuti. Radi ikapiga. Shimwa akaja mbio, akajificha ndani ya kitenge cha mama yake.

"Mama, twende nyumbani."

"Hapa ndio nyumbani."

"Hapana. Nyumbani kwetu, kwa Papa."

Nasiba alitaka kumkatalia tena, lakini Mukabera alikuwa amesimama mlangoni, amesikia. Alimchukua mjukuu wake, akamziba masikio kwa viganja.

"Muache," alisema, bila lawama. "Kwao ni kule. Ni wewe ulimupeleka."

Nasiba alikaa mpaka masika yalipokwisha. Mama yake alimsindikiza hadi kituo cha basi la Kigali, wakaongea habari za bei ya sambaza, dagaa wa ziwani, kama watu watakaoonana kesho.

Kwenye uwanja wa ndege wa Maskati, Shimwa alimwona baba yake kabla ya mtu yeyote, akachomoka mbio. Nasiba alifuata polepole na mizigo, akitoka kivulini, mkono mmoja ameuweka machoni kukinga jua.