Kitenge Juu ya Jiwe

Juzi nilikuwa harusini Kabasa, pale Bunda, mtoto wa dada yangu akanielekezea simu, ikalia kacha. Nikageuza uso. Ndani ya simu hakuna kinachofyatuka, ndugu msomaji. Ni sauti tu imewekwa ili tuamini tumepigwa picha. Sauti hiyo naijua, na kwa kweli naichukia.

Baba mdogo, mdogo wake baba, alikwenda kusoma ng'ambo akarudi na kamera. Kwetu Nyegina miaka ile sabuni ilikuwa haionekani madukani, nguo tulifulia majani ya mpapai, lakini yeye alikuwa na kamera ya picha za rangi katika mfuko uliokuwa ukinukia ngozi mpya. Alituonyesha milima ya theluji na mabata ya huko. Likizo zake alizimalizia kwenye mawe ya ziwani, amelala kifudifudi, akivizia furukombe na yangeyange. Mimi nilikaa kando yake nikitazama kifundo kidogo upande wa kushoto wa kamera, kilichozunguka kila alipousogeza mkanda wa picha. Nilikipenda kuliko ndege wenyewe.

Mama alikuwa hajawahi kupigwa picha. Mama yake mzazi, kule Butiama, alikufa bila kuacha hata moja, na mama alilalamika kwamba sura ile inamtoka kichwani. Siku moja akamwambia baba mdogo:

"Shemeji, kila siku unapigaga ndege tu. Sisi kwa kuwa hatuna manyoya?"

Baba mdogo akacheka. "Kesho, shemeji. Jiandae."

Alijiandaa kweli. Aliazima kitenge cha maua makubwa ya njano kwa Mama Nyamburi, jirani yetu, na kipande cha sabuni kilichofichwa kwa ajili ya Krismasi kikaisha siku hiyo. Akasimama mbele ya nyumba, kidevu juu, mikono hajui aiweke wapi. Kacha, kacha, kacha. Niliona kifundo hakizunguki. Nikadhani kimechoka.

Asubuhi yake mama alikifua kitenge akakianika kwenye mawe, kimrudie mwenyewe kikiwa safi. Baba mdogo naye alikuwa huko huko na ndege wake. Baada ya siku chache akaondoka.

Kila aliyetoka Musoma mjini, mama alimuuliza kama amepewa bahasha ya picha na baba mdogo. Mwaka haukuisha, homa ikamchukua. Msibani watu waliomba picha ya kuweka mbele ya jeneza, ndipo baba mdogo akasema mkanda uliungua. Tulimwamini. Baba hata alimpa pole.

Baadaye biashara zikafunguliwa, maduka ya Musoma yakajaa kila kitu, hata mikanda ya picha. Nilikuwa nimeanza kufundisha, nikanunua kamera ya mtumba. Fundi aliyenionyesha namna ya kuweka mkanda akanigusisha kifundo kama kile cha baba mdogo.

"Hiki kikizunguka, ujue mkanda unakwenda, mwalimu. Kikitulia, unapigaga hewa tu."

Nilitoka pale nikaenda moja kwa moja kwa baba mdogo. Hakubisha.

"Mikanda ilikuwaga shida, mwanangu. Siku ile sikuwa na hata mmoja, nikaona aibu kumnyima shemeji. Nikasema nitampiga safari nyingine."

Machozi yalimlengalenga, na mimi nikaanza kumwonea huruma. Niligeuka nisimtazame. Ukutani alikuwa ametundika ndege wake kwenye fremu. Mmoja alikuwa furukombe, ametua juu ya jiwe letu, na nyuma yake, pembeni kabisa, kitenge kimeanikwa. Maua makubwa ya njano.

Kitenge kile kilianikwa pale mara moja tu, kesho yake baada ya mama kupigwa, kikarudi kwa Mama Nyamburi siku hiyo hiyo kilipokauka. Kwa hiyo mkanda ulikuwepo. Ulikuwa mfukoni mwake wakati mama amesimama kidevu juu mbele ya kamera tupu, naye akauweka kwa ajili ya ndege. Nilimwonyesha kwa kidole, akainamisha kichwa. Sijamsamehe, na sidhani kama nitamsamehe.

Niliitungua fremu nikaondoka nayo, wala hakunizuia. Sasa ni mimi ninayesahau sura. Wanangu wakiniuliza bibi yao alikuwaje, nawaonyesha kitenge, na hata hicho kilikuwa cha jirani.